Bastola ya upepo ya mita 10 kwa anayeanza: IZH-46M, Steyr LP10 ya mtumba au Feinwerkbau 65?

Mgeni_wa_Bremen: Wakuu, habari za jioni. Niko Ujerumani, nimejiunga na klabu ya shabaha ya mtaani na mpaka sasa natumia bastola ya klabu. Sasa nataka yangu. Nimeona tatu, zote za mitumba: IZH-46M ya Kirusi, Steyr LP10 na Feinwerkbau 65 ya kizamani. Nilipoishika IZH niliona inaelemea mbele, mkono unachoka upesi. Mzee mmoja wa klabu anasema uzito wa mbele ndio unaotuliza mkono. Nimsikilize nani, mzee au bega langu?

Fundi_Msasa: Wote wawili wako sahihi, ila bega lako ndilo litakalopiga mashindano. Bastola nzito mbele hutikisika polepole, na ukifyatua vibaya mdomo hauruki sana upande. Nyepesi mbele hucheza haraka, kila kosa la kidole linaonekana kwenye karatasi. Lakini mashindano kamili ni risasi 60 kwa dakika 75, bila kuhesabu za majaribio. Mkono wa anayeanza ukichoka kwenye ya 30, faida yote ya uzito imeisha. Anza bila vizito. Vile vya kufunga mbele utaviongeza baadaye, gramu kumi kumi, mkono ukishazoea.

Mama_Kumi: Mkuu, kabla ya uzito tazama mpini. Watu wanabishana kuhusu gramu huku mpini hauwakai mkononi kabisa. Fanya hivi: simama mkao wako wa kupiga, funga macho, nyanyua mkono, tulia, halafu fungua. Kilengeo cha mbele kikiwa katikati ya pengo la kilengeo cha nyuma na juu zikiwa sawa, mpini ni wako. Kikiwa kimezama au kimeenda pembeni, usikirudishe kwa kukunja kifundo cha mkono. Rekebisha mpini. Ukikirudisha kwa nguvu, kila risasi utakuwa unapigana na msuli ule ule, na ukichoka msuli unarudi kwake.

LP10 mpini wake unageuzwa pembe, kile kibao cha chini cha kiganja kinapanda na kushuka. IZH ya kiwandani ni gogo. Wengi huwa wanaichonga au kununua mpini mwingine kabisa, kwa hiyo bei ile ndogo ihesabu pamoja na mpini.

Fundi_Msasa: Dada kaisema vizuri. Niongeze tu kwamba kuchonga ni msasa kidogo na uji wa mbao wa kujazia, jioni mbili tatu umemaliza. Usizidishe: mpini ukizunguka kifundo cha mkono unakataliwa kwenye ukaguzi.

Kibaruti: Naona hakuna aliyegusa jambo la pampu. IZH hujazwa upepo kwa mkono, pigo moja la wenzo kwa kila risasi. Haina mtungi wa hewa, haina gharama ya kujaza, na kwa mazoezi ya nyumbani ni raha. Tatizo ni kwamba kila ukipampu unalegeza mshiko, kisha unashika upya. Anayeanza bado hajajua mshiko wake, sasa anaubadilisha kila risasi! LP10 ina mtungi wa bar 200: unaiegemeza mezani, unapakia kwa mkono wa kushoto, wa kulia haujaachia.

Halafu IZH mpya haziingii Ulaya kwa sababu ya vikwazo, vipuri vinasumbua.

Mzee_wa_Reli: Msiidharau FWB 65, yaani hiyo Feinwerkbau. Ni ya springi, lakini mwili wake unateleza nyuma juu ya reli, kwa hiyo teke halifiki mkononi. Dunia nzima ilipiga kwa hiyo bastola. Ila mihuri yake ya ndani huoza kwa umri hata kama haikutumika, muulize muuzaji kama imebadilishwa. Na ni nzito, inapita kilo moja.

Mama_Kumi: Shikamoo mzee. Ni nzuri, ila kwa huyu kijana naona LP10. Ina kizito kidogo ndani kinachorudi nyuma risasi ikienda mbele, na hivyo kumeza teke; ikilia kilengeo hakisogei sana, kwa hiyo anaona kosa lake mwenyewe. Uzito wake hauko mbali na kilo moja, na kanuni zinaruhusu hadi gramu 1,500.

Nairobi_Macho4: Samahani kuingilia. Yule Mturuki wa Olimpiki ya Paris 2024, Yusuf Dikeç, mbona hakuwa na vifaa? Na je, naweza kuagiza moja ije Kenya?

Fundi_Msasa: Bastola yake ilikuwa ya mashindano kama za wenzake, na ule mkono aliouweka mfukoni si mbwembwe, karibu wote hufanya hivyo ili bega la pili litulie. Alichoacha ni zile lenzi na vizuizi vya macho. Kuagiza: usiagize chochote kabla ya kibali, kwa sheria ya Kenya bastola ya upepo inahesabiwa silaha. Huku Ujerumani mwenye miaka 18 ananunua iliyo chini ya jouli 7.5 yenye alama ya F, ndiyo maana bei za mitumba ni rahisi.

Kibaruti: Mgeni, ukiinunua usianze kuchezea kila skrubu. Triga kwanza: kanuni inataka isipungue gramu 500, weka 510 au 520 ili isikwame kwenye kipimo. Hatua ya kwanza ya kuvuta triga ibebe uzito mwingi, ya pili ibaki ndogo lakini uisikie. Kisha pengo la kilengeo cha nyuma: acha mwanga wa kutosha pande zote za kilengeo cha mbele, wanaoanza hulibana mno. Lenga chini ya duara jeusi ukiacha weupe kidogo, jicho libaki kwenye kilengeo. Duara la alama kumi lina upana wa milimita 11.5 tu, ukilitazama hilo vilengeo vinakutoroka.

Mgeni_wa_Bremen: Ahsanteni sana. Nimepata LP10, mpini saizi M, jirani wa klabu alinijaribisha yake na ile ya kufunga macho imekaa karibu sawa. Muuzaji anatoa mitungi miwili ila hataki kusema ni ya mwaka gani.

Mama_Kumi: Mwambie apige picha ya mtungi wenyewe, tarehe imechapwa juu yake. Watengenezaji wanaipa miaka kumi, na uliopitwa haupiti ukaguzi. Akikataa, punguza kwenye bei thamani ya mitungi miwili mipya.

Mzee_wa_Reli: Marahaba dada. Na mimi 65 yangu siuzi.