Wakuu, nichukue ipi: Pink Floyd ya orkestra, Yes ya orkestra, au Genesis ya Hackett?

Zabibu_Kavu
Wakuu habari za jioni. Binamu yangu yuko Uingereza anarudi Dodoma mwisho wa mwezi, kasema mabegi yameshajaa ila sidii moja haimshindi, mbili atanuna. Mi roki ya progresivu nimeanza nayo sekondari kwa kaseti za mjomba, siku hizi nimenogewa na zile albamu ambazo nyimbo zenyewe zinapangwa upya zinapigwa na orkestra. Nina tatu kichwani na zote nimezisikia vipande tu. Us and Them ya 1995, hiyo ni Pink Floyd inapigwa na London Philharmonic, aliyepanga ni Jaz Coleman wa bendi ya Killing Joke. Symphonic Music of Yes ya 1993, nyimbo za bendi ya Yes, orkestra ile ile. Halafu ya Steve Hackett, yule mpiga gitaa wa zamani wa Genesis, na bendi yake pamoja na orkestra, nyimbo za Genesis, laivu Royal Festival Hall 2018. Bajeti 80,000. Nijibuni fasta, anaenda dukani Jumamosi.

Mzee_Kinanda
Kijana swali lako halina kichwa wala miguu. Unasikilizia wapi? Spika gani? Unataka mtu aimbe au hutaki? Maana hivyo vitu vitatu havifanani hata kidogo. Ya Coleman hakuna mwimbaji, ni orkestra peke yake imebeba wimbo. Ya Yes wenyewe wamo, Steve Howe kwenye gitaa, Bill Bruford kwenye drams, Jon Anderson anaimba baadhi. Ya Hackett ni bendi kamili jukwaani na orkestra imekaa pembeni yake. Jibu kwanza ndiyo tuanze.

Nkuhungu_Kwetu
Hackett. Fungeni uzi tukalale.

Tarumbeta_la_Mama
Usiufunge kaka. Mimi napiga tarumbeta kanisani mwaka wa 14 huu na nota za kwaya nazipanga mwenyewe kwa hiyo ngoja niseme kidogo. Tatizo la hizi albamu ni kwamba wengi wanachukua wimbo vile ulivyo wanaumwagia violini juu kama mchuzi. Bendi inapiga kila kitu ilichokuwa inapiga zamani, orkestra inashikilia noti ndefu huko nyuma, basi, wanaita simfoni. Watu wote hao wamevaa suti kushika noti moja! Mpangaji wa kweli anajiuliza gitaa lilikuwa linafanya kazi gani hapa, sasa hiyo kazi nampa nani, nawapa chelo au honi? Na yule aliyempa lazima apate pa kuvuta pumzi, gitaa halina mapafu, sisi tunayo. Kwa kipimo hicho ya Coleman inapita, maana hana bendi ya kujifichia. Ya Yes sehemu nyingine inapita, sehemu nyingine ni mchuzi.

Nkuhungu_Kwetu
Dada mchuzi mtamu lakini 😂

Mpwapwa_Mwisho_wa_Reli
Kabla hujamtuma ndugu yako nisikilize mimi niliyeumia. Miaka kadhaa nyuma niliagiza sidii mtandaoni kwa muuzaji mmoja simtaji, kava zuri kweli kweli, picha ya violini, maandishi ya dhahabu, imeandikwa nyimbo kubwa za roki "kwa simfoni". Nikalipa, nikasubiri, wiki ya tatu nikaanza kwenda posta kila Ijumaa hadi yule dada wa dirishani akawa ananiona tu mlangoni anatikisa kichwa, nami nageuka hukohuko mlangoni. Wiki ya tisa ikafika, nikalipia na ushuru juu. Nimefika nyumbani nimeita na shemeji zangu waje wasikie, nikaweka, ile inaanza tu nikajua nimepigwa. Ni kinanda. Yaani mtu mmoja kakaa chumbani na kinanda kabonyeza kitufe cha "strings", na drams za mashine zile za tumtum tumtum za kwenye harusi. Shemeji mkubwa akauliza hii ndiyo orkestra ya Uingereza? Nikasema ndiyo, imechoka. Mpaka leo kwenye msiba au sherehe wakisikia kinanda wananiangalia. Kwa hiyo mwambie binamu ageuze kava asome: jina la orkestra lipo? jina la kondakta lipo? Hakuna majina, arudishe kwenye rafu.

Zabibu_Kavu
Hahaha pole sana mkuu. Kondakta namjua wa daladala tu ila nitamwambia asome.

Mzee_Kinanda
Na swali langu hujajibu.

Reli_ya_Kati_71
Mnabishana watoto, baba wa mambo yote haya ni Deep Purple, Concerto for Group and Orchestra, Royal Albert Hall 24 Septemba 1969, Jon Lord mpiga kinanda wao kaandika, Malcolm Arnold kaongoza. Nota zikaja kupotea kabisa! Mholanzi mmoja, Marco de Goeij, akakaa akaziandika upya kwa kusikiliza na kutazama rekodi, ndipo wakapiga tena 1999. Nunua hiyo.

Nkuhungu_Kwetu
Deep Purple siyo progu mzee wangu.

Reli_ya_Kati_71
Nani kasema siyo progu?

Nkuhungu_Kwetu
Masikio yangu. Na hata kwa umri, Moody Blues walishatoa Days of Future Passed na orkestra 1967, kwa hiyo baba wa mambo yote kaja wa pili. Shikamoo lakini.

Reli_ya_Kati_71
Marahaba. Ile 1967 orkestra inapiga katikati ya nyimbo, bendi ikianza yenyewe inakaa pembeni. Hiyo ni zamu, siyo kupiga pamoja.

Tarumbeta_la_Mama
Hapo mzee ana hoja.

Kondoa_Irangi
Kama mnataka mpangilio wa kweli tafuteni Tarkus ya Yoshimatsu, Mjapani, 2010, Tokyo Philharmonic. Ile ya Emerson, Lake & Palmer ya 1971, dakika kama 20, kaihamishia yote kwenye orkestra bila bendi. Ule mwanzo wa mapigo matano ambao Emerson anaukimbiza kwenye ogani sasa wanakimbizana honi na ngoma, nilisikia mara ya kwanza nikasimamisha sufuria jikoni nikaja sebuleni. Cha kuchekesha ELP wenyewe 1977 walijaribu kuzunguka Marekani na orkestra, hela zikawaishia wakaiacha njiani.

Zabibu_Kavu
Sasa mnaniongezea ya nne na ya tano jamani, nimesema moja! Mzee Kinanda samahani nilipitiwa. Nasikilizia kwenye gari. IST. Nyumbani sina kicheza sidii, cha kwenye gari ndiyo kinafanya kazi, na redio yake si mnajua tena magari ya Japani inaishia 90, stesheni nyingi sizipati, ndiyo maana nataka sidii. Kazi yangu ni ya Dodoma Singida, kila wiki naenda na kurudi.

Mzee_Kinanda
Unaona sasa! Siku mbili watu wanatoa jasho kumbe IST!

Tarumbeta_la_Mama
Basi nafuta nusu ya niliyosema. Orkestra peke yake kwenye gari dogo ni mateso. Pale wanapopiga taratibu, filimbi moja na violini mbili, husikii kitu, unasikia tairi na upepo wa Manyoni. Unaongeza sauti mpaka mwisho, halafu ghafla wanaingia watu wote na tarumbeta na matoazi, unaweza ukaingia porini. Bendi ikiwepo drams na besi zinaishikilia sauti isishuke mno. Kwa IST Hackett au Yes. Coleman subiri upate spika za nyumbani. Inaniuma kuandika hivyo.

Nkuhungu_Kwetu
Nilisema nini jibu la pili? Na mle kwa Hackett Supper's Ready ya Genesis ipo nzima, ile ya 1972 ya dakika zaidi ya 20. Ukiianzia Bahi nusu saa ya barabara hujui imeendaje.

Kondoa_Irangi
Tarkus kwenye gari mimi nasikiliza vizuri tu, haitulii hata ikitaka.

Mgogo_wa_Chamwino
Nashangaa uzi mzima wa watu wa Dodoma hakuna aliyemtaja Peter Gabriel. Aliyekuwa anaimba Genesis kabla hajaondoka 1975 ndiye mwenye Real World, kampuni ya kurekodi muziki, na Real World ndiyo iliyorekodi marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wetu wa kijiji cha Doduma, na 2002 wakapanda naye jukwaa moja huko ziarani. Halafu 2011 Gabriel akatoa New Blood, nyimbo zake na orkestra ya watu 46, hakuna gitaa hakuna drams. Mpangaji John Metcalfe. Orkestra pale haipambi, ndiyo inayotembea. Mi nikisikia zile violini zinavyorudia rudia vipande vidogo vidogo vinapishana nasikia ilimba kabisa, ile ala yetu ya kupigwa kwa vidole gumba. Mnaweza kunicheka.

Tarumbeta_la_Mama
Sikucheki kaka, hata mimi nasikia. Ilimba moja na zeze mbili mbele ya orkestra, nani aandike hiyo? Tatizo la kwanza ni kutuni. Ilimba ya Kigogo haikai kwenye noti za piano, watu wa violini wanaweza kuifuata kwa kusogeza kidole, sisi wa tarumbeta kwa shida, mwenye piano aende nyumbani.

Mgogo_wa_Chamwino
Akapumzike tu. Ilimba isije ikatuniwa ifanane na piano, hapo umeshaiua.

Reli_ya_Kati_71
Kwaya yetu ilijaribu zeze na kinanda Pasaka moja. Wanakwaya waligawanyika, nusu wakafuata zeze, nusu kinanda, mchungaji akafuata biblia.

Tarumbeta_la_Mama
😂😂 Kwaya gani hiyo nije kuwasaidia?

Zabibu_Kavu
Wakuu binamu kanipigia yuko dukani SASA HIVI. Hackett imeisha, Yes haipo, Pink Floyd ipo moja ila kava limepasuka, na ipo nyingine ya 1985 ya bendi ya Jethro Tull na London Symphony, kwenye kava pameandikwa David Palmer. Achukue?

Mzee_Kinanda
Palmer huyo ndiye aliyepanga na ile ya Yes uliyokuwa unaitaka, siku hizi anaitwa Dee Palmer. Kwa Tull alikuwa mtu wa ndani, kawapangia tangu miaka ya 60 kisha akawa mwanabendi. Na filimbi ya Ian Anderson mwenyewe imo. Achukue.

Tarumbeta_la_Mama
Mchuzi mwingi ile. Achukue Floyd, kava si unabadilisha.

Mpwapwa_Mwisho_wa_Reli
Ageuze nyuma asome majina!!

Nkuhungu_Kwetu
Mkuu hiyo IST ya mwaka gani, huiuzi?

Zabibu_Kavu
Siuzi. Binamu salio limekatika, hapatikani.