Naomba ushauri: tarehe ya kliniki ni baada ya miezi 3, dawa ni za mwezi 1, na katikati mama anahangaika

Kijana wa Magharibi (mleta uzi):

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mama yangu ana umri wa miaka 67 na anaishi wilayani, katika mkoa mmoja wa magharibi mwa Tanzania. Ana shinikizo la damu na kisukari, anatumia vidonge vya amlodipine na atenolol kwa presha na metformin kwa sukari, na kliniki yake iko katika hospitali ya mkoa, ambako mvua zikiharibu barabara basi hutumia nusu siku kufika. Mimi ni mwajiriwa Dar es Salaam, hivyo anatibiwa kwa kadi ya bima akiwa mtegemezi wangu.

Daktari bingwa humpangia kurudi baada ya miezi 3, jambo ambalo silalamikii, kwa kuwa wagonjwa ni wengi na bingwa ni mmoja. Ila dirisha la dawa humpa dawa za siku 30 tu, kwa maelezo kwamba bima hairuhusu zaidi, na mwezi unapokwisha hawezi kuchukua za mwezi unaofuata kwa cheti kilekile. Sharti apange foleni mapokezi, faili litafutwe, apimwe presha, kisha amwone daktari yeyote aliyepo ili aandikiwe upya yaleyale. Wapo madaktari wanaoandika bila neno, na wapo wanaosema kwamba mgonjwa huyu ni wa bingwa, asubiri tarehe yake. Akishaandikiwa, huenda akafika dirishani na kuambiwa kwamba dawa moja kati ya hizo tatu haipo, akanunue nje.

Safari hii tarehe ya bingwa ilipofika, mama alilala mjini kwa ndugu ili awahi namba, na saa 4 asubuhi wagonjwa wote wakatangaziwa kwamba daktari ameitwa kwenye kikao nje ya mkoa, hivyo kliniki imesogezwa mbele kwa wiki kadhaa. Hakuna aliyepigiwa simu, ingawa namba zetu zimeandikwa juu ya kila faili.

Sikuja kuwatukana wahudumu, kwa kuwa wengi wao wamemtendea mama kwa heshima. Kilichonileta ni kwamba dada yangu amegundua mama anameza dawa siku moja na kuacha siku inayofuata, ili kopo lifike mwezi wa pili. Naomba kujua kama kuna njia halali ya kupata tarehe ya karibu zaidi kwa bingwa, na kama haipo, mgonjwa wa namna hii hufanyaje ili dawa zisikatike?

Tabibu wa Kata:

Ndugu mleta uzi, pole kwa mama. Mimi ni afisa tabibu katika kituo cha afya, na nadhani swali lako la pili ndilo lenye jibu, kwa hiyo nitaanzia huko.

Katika maelezo yako kuna mambo matatu yaliyofungwa pamoja: kuonana na bingwa, kupimwa presha na sukari, na kuchukua dawa. Mgonjwa ambaye presha yake imetulia hahitaji bingwa kila mwezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 kuhusu dawa za shinikizo la damu unapendekeza kwamba mtu aliyeanzishiwa au kubadilishiwa dawa aonwe kila mwezi mpaka afikie kiwango kinachotakiwa, na kisha, presha ikishadhibitiwa, aonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6. Mwongozo huohuo unakubali kwamba watoa huduma wasio madaktari, wakiwa wamefunzwa, wana ruhusa ya kuandika dawa na wanasimamiwa na daktari, wanaweza kuendeleza matibabu hayo. Basi tarehe ya miezi 3 haina kasoro kitaalamu. Kasoro ni kumfanya mama asafiri nusu siku kila mwezi kwa ajili ya kazi ambayo kituo kilicho karibu naye kinaweza kuifanya.

Kwa hiyo, badala ya kupigania tarehe ya mapema, siku mtakayomwona bingwa mwombeni amrudishe mama ngazi ya chini kwa barua. Tumezoea rufaa inayopanda, lakini rufaa inayoshuka nayo ipo, na mabingwa wengi huiandika kwa furaha wakiombwa kwa sababu foleni yao inapungua. Barua itaje ugonjwa, dawa na dozi zake, vipimo vya mwisho, na masharti ya kumrudisha juu, kwa mfano presha ikipita kiwango fulani au sukari ikikataa kushuka. Akiwa na barua hiyo, tabibu wa kituoni haandiki kwa kubahatisha, wala hapati sababu ya kusema kwamba mgonjwa ni wa bingwa.

Mzoefu wa Foleni:

Kwa heshima zote, Tabibu, ushauri wako ni mzuri kwa mtu ambaye kituo cha afya cha kwao kina dawa. Baba yangu alirudishwa chini kwa utaratibu huohuo unaousifu. Kituoni tulikuta amlodipine peke yake, nyingine tukawa tunanunua, na tulipotaka kurudi mkoani tukaambiwa tuanze upya na rufaa kutoka wilayani, kana kwamba faili lake halikuwahi kuwapo. Mtu akishatoka kwenye orodha ya bingwa, kurudi ni kazi.

Ushauri wangu ni tofauti. Kama mleta uzi ana uwezo, mama aende zahanati binafsi inayopokea kadi yake ya bima, aandikiwe dawa huko kila mwezi, na tarehe ya bingwa aishike vilevile asiipoteze. Najua kwamba si kila mji wa wilaya una zahanati ya namna hiyo.

Mfamasia wa Zamu:

Nawasoma wote, na naona Mzoefu ana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Sababu ya dawa kupatikana mkoani na kukosekana kituoni si uzembe kila mara. Orodha ya taifa ya dawa muhimu huzigawa dawa kwa ngazi, kuanzia A ya zahanati, B ya kituo cha afya, C ya hospitali ya wilaya, D ya hospitali ya mkoa, hadi S ya huduma za kibingwa. Dawa iliyowekwa ngazi ya C, kituo cha afya hakitarajiwi kuwa nayo hata mfamasia wake angekuwa hodari namna gani. Kwa hiyo, kabla ya kuomba barua ya kushuka, dada yako apeleke majina ya dawa zote tatu kituoni na aulize swali hili kwa ukamilifu wake: je, dawa hizi mnaziagiza kwa kawaida, au mnazipata kwa bahati? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko ahadi yoyote.

Dawa ambayo kituo huiagiza lakini imeisha ni suala jingine. Vituo vya umma huagiza kutoka Bohari ya Dawa, yaani ghala la dawa la serikali, kwa vipindi maalumu, si kila siku, na kama dawa haipo Bohari, kituo huruhusiwa kuinunua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeidhinishwa kwa mkoa husika, utaratibu ulioanza Dodoma mwaka 2014 kwa jina la Jazia na baadaye ukaenea nchi nzima. Idadi inayoagizwa hutokana na matumizi yaliyoandikwa, na hapa ndipo wagonjwa wa presha wanapopotea: mtu akikosa dawa, akaondoka bila jina lake kuandikwa popote, kwenye hesabu ya kituo anakuwa kama hakuja, na agizo linalofuata linakuwa dogo vilevile. Ombeni mhudumu aandike kwamba mgonjwa amekosa. Haimpatii mama dawa siku ile, lakini mganga mfawidhi anapata kitu cha kuonyesha anapoandaa maombi.

Sasa nije kwenye jambo lililonishtua. Kumeza leo na kuacha kesho si kubana matumizi. Amlodipine hukaa mwilini kwa muda mrefu, na mtu aliyesahau siku moja huenda asihisi lolote, lakini atenolol haitaki mchezo huo. Ikikatizwa ghafla baada ya kutumika kwa muda mrefu, mapigo ya moyo na presha vinaweza kupanda kwa kasi, na mwenye tatizo la moyo anaweza kupata maumivu makali ya kifua. Ikibidi kuiacha, daktari huipunguza kidogokidogo. Naomba mama aelezwe hili leo, kwa upole, maana wazazi wetu wakigombezwa huficha. Fedha zikiwa chache mwezi huu na dawa zote zikawa hazipo, atenolol ndiyo ya kutafuta kwanza.

Kuhusu kununua nje, ulizeni kwa jina halisi la dawa na miligramu zake, si kwa jina la kibiashara lililo juu ya boksi, kwa sababu amlodipine ya kiwanda kimoja na kingine hutofautiana sana kwa bei. Na kumbukeni kwamba duka la dawa muhimu na famasi si kitu kimoja, kwani la kwanza limeruhusiwa kuuza orodha fupi tu ya dawa za cheti.

Mwalimu Mstaafu:

Nina neno fupi. Hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee, na mwenye miaka 60 na kuendelea anatakiwa kuhudumiwa kwanza, lakini wazee wengi hawaulizi na wahudumu wengine hawasemi. Mama aende akiwa na kitambulisho. Akishindwa kujieleza, aulizie afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake haiishii kwenye misamaha ya wasio na uwezo kama wengi wanavyodhani.

Na la simu limenikera. Kama faili lina namba ya mtu na kikao cha daktari kimejulikana tangu jana yake, kumwacha bibi wa watu alale mjini ni dharau. Andikeni malalamiko kwa mganga mfawidhi, kwa barua yenye tarehe, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sanduku la maoni halijibu mtu.

Mkazi wa Ziwani:

Mimi najiuliza jambo moja. Wenzetu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wakiwa wametulia, kliniki za CTC, yaani za huduma na matibabu ya VVU, huwapa dawa za miezi 3 na hata 6 kwa mkupuo, na huduma haijaanguka. Kwa nini mgonjwa wa presha aliyetulia ahesabiwe siku 30?

Mfamasia wa Zamu:

Swali lako ni zuri. Tofauti kubwa iko kwenye fedha. Dawa zile hugharamiwa kwa mpango maalumu ambao kwa miaka mingi umesaidiwa na wafadhili, ilhali hizi za presha hulipwa na bima au na mgonjwa mwenyewe, na mlipaji anaogopa kulipia dawa za miezi mingi kwa mtu ambaye huenda akabadilishiwa dozi wiki ijayo. Hofu hiyo inaeleweka kwa mgonjwa mpya. Kwa mtu mwenye dozi ileile tangu mwaka juzi, sioni mantiki yake. Mwanachama anaweza kuiuliza ofisi ya bima kwa maandishi kama upo utaratibu wa kibali kwa wagonjwa wa muda mrefu, na daktari akaambatanisha maelezo. Lisichukuliwe neno la dirishani kuwa ndiyo sheria nzima.

Kijana wa Magharibi:

Nawashukuru sana. Dada amekwenda kituoni leo. Amlodipine na metformin huziagiza kila mara, ila atenolol hupatikana kwa kubahatisha. Barua kwa ofisi ya bima nitaiandika mwenyewe nikiwa huku. Tatizo ni kwamba tarehe mpya ya bingwa bado iko mbali, na atenolol iliyobaki haitafika huko. Je, mama aende mkoani bila miadi?

Tabibu wa Kata:

Asiende mkoani kwanza. Aende kituoni kesho, dawa zikiwa bado zipo, kwa sababu mgonjwa anayekuja na kopo tupu hunilazimisha kuamua kwa haraka. Achukue kadi ya kliniki, paketi za dawa zote na cheti cha mwisho, na aseme wazi kwamba amekuwa akiruka siku, ili presha itakayopimwa isomwe kwa kuzingatia hilo. Vinginevyo anaweza kuongezewa dozi asiyoihitaji. Tabibu anaweza kumwandikia kuendelea na dawa ileile mpaka tarehe ya bingwa, na dada akainunua famasi kwa cheti hicho. Atenolol isipopatikana kabisa, tabibu ampigie daktari wa wilaya, waamue pamoja dawa mbadala na jinsi ya kuhamia. Uamuzi huo si wa muuza duka.

Bingwa akionekana, mwelezeni kwamba kati ya dawa tatu, moja haipatikani karibu na nyumbani, na mwulizeni kama kuna inayofaa ambayo kituo huiagiza. Madaktari huandika wanachokijua, na wengi hawajui rafu za kituo cha kwenu zina nini.

Maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda, kusema kwa shida au kuona giza ghafla havingoji kituo wala miadi. Mpelekeni idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na dada awe na karatasi yenye majina ya dawa, miligramu zake na saa anazozimeza. Karatasi hiyo ipigwe picha, nawe ubaki nayo huko Dar es Salaam, kwa kuwa wewe ndiye utakayepigiwa simu.