Mwenzangu hataki mtu aione programu yetu mpaka ikamilike. Nifanyeje?

Njiapanda: Wakuu, naomba ushauri, matusi baadaye. Mimi na mwenzangu tunatengeneza programu ya simu ya mafundi kuwekea kumbukumbu za kazi na madeni ya wateja. Yeye ndiye anayeiandika, mimi nahangaika na soko. Kila nikisema tuwaite watumiaji, anajibu bado, kuna ukurasa haujakaa sawa. Nani yuko sahihi?

KobeMbio: Wewe. Nick Swinmurn alipoanzisha Zappos, duka la viatu la mtandaoni, mwaka 1999 alipiga picha viatu vya maduka ya watu, akaviweka kwenye tovuti. Mtu akiagiza, ndipo vinanunuliwa dukani na kutumwa. Ghala hakuna! Alitaka kujua kama watu watanunua viatu bila kuvivaa kwanza.

MamaWawili: Andikishaneni mapema. Mimi na mdogo wangu tulifungua duka la nguo, leo tunasalimiana misibani tu.

Jongoo: Mwenzako naye ana hoja. Programu ikijifunga siku ya kwanza, mtu anaifuta na harudi tena. Ila kuitoa hadharani ni kitu kimoja, kukaa na watu wachache ukiwatazama wanavyohangaika nayo ni kingine. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia tovuti na programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua kasoro nyingi za matumizi. Lakini mbona unauliza kama mtu aliyekwisha kufanya jambo?

Njiapanda: Mwenzangu anaogopa wazo litaibiwa.

Jongoo: Sikuuliza hilo.

Njiapanda: Sawa. Nimewapa mafundi kadhaa kiungo cha majaribio, yeye hajui. Lakini nusu ya mradi ni yangu, na ningemuomba angekataa! Tena nimegundua ukurasa wa hesabu anaoukesha hakuna anayeugusa. Wanapiga picha kazi iliyokwisha, wanamtumia mteja, basi.

KobeMbio: Hilo ni jibu la maana, umelipata kwa mlango wa uani. Na madeni ya wateja wao yakivuja kwenye kitu cha majaribio?

Njiapanda: Niliwaambia wasiweke majina halisi. Wengine wameweka.

Mchokozi: Chai hii. Wiki iliyopita kuna mtu alileta uzi wa mafundi hao hao, ila yeye ndiye mwandishi wa programu, analalamika mwenzake anataka kuitoa mbichi. Ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili, anatafuta wajaribu wa bure.

MamaWawili: Au ndiye mwenzake kweli 😂

Njiapanda: Uzi gani? Weka kiungo.

Mchokozi: Utafute mwenyewe. Alimalizia kwa kuuliza: akiona watu asiowajua wanaingia kwenye mfumo wake, aanzie kwa nani?

Njiapanda: Wasimamizi, naomba uzi huu ufutwe.

Jongoo: Acha uzi, mpigie simu.

MamaWawili: Picha ya skrini ninayo tayari.