Sasori: hasira ya mwanamke, au biashara ya wanaume?

Mleta mada: Wakuu, siku hizi kila anayeangalia Sasori, zile filamu za wafungwa wa kike zilizotolewa na kampuni ya Toei ya Japani 1972 na 1973, anakuja na sifa ileile: eti ni hasira ya mwanamke. Mwanamke yupi? Zote nne zimeongozwa na wanaume, tatu Shunya Ito, ya mwisho Yasuharu Hasebe. Hadithi imetoka kwenye katuni za Toru Shinohara, naye mwanamume. Ya kwanza haijakolea, tayari wafungwa wanapitishwa uchi mbele ya askari. Kisasi ni kisingizio cha kuuza tiketi. Nipingeni.

Jibu: Mkuu, umekodolea miili, shuka hukuliona. Kwenye ya kwanza Matsu, yule mhusika mkuu, anampa mpelelezi Sugimi ubikira wake, damu inatua kwenye shuka jeupe, duara jekundu katikati. Bendera ya Japani hiyo! Baadaye bwana huyohuyo anamfanya chambo kwa yakuza, wahalifu wa magenge ya Japani, wanambaka. Anayeshtakiwa pale ni dola, siyo bwana mmoja mkorofi. Na Meiko Kaji, mwigizaji wa Matsu, hakuwa wa kuburutwa. Kampuni yake ya awali, Nikkatsu, ilipogeukia filamu za ngono 1971, aliondoka. Matsu wa kwenye katuni ana mdomo mchafu. Kaji ndiye aliyetaka matusi yaondolewe, ndiyo maana mhusika mkuu karibu hasemi kitu. Kazi yote inafanywa na macho.

Jibu: Kaka zangu, mnabishana nani kashika kamera, wafungwa wenzake mmewaruka. Kwenye ya pili anatoroka na wanawake wengine sita, na haohao wanamgeuka njiani. Mimi nashikwa na ya tatu. Askari amejifunga naye pingu ndani ya treni ya chini ya ardhi. Matsu anaukata mkono wa askari, anakimbia mitaani ule mkono ukining'inia. Watu huwa wanacheka hapo. Mwenzenu sicheki, maana hata akitoroka bado anamburuta aliyemkamata. Shaka yangu ni nyingine: wanawake wa Tokyo walishaingia barabarani 1970 kudai ukombozi, kwa umoja wao. Matsu hana kundi, analipiza peke yake. Hasira ya namna hiyo inamtisha nani?

Mleta mada: Kwenye upweke tuko pamoja, dada. Ila huo ububu sijaumeza. Mwanamke mrembo asiyefungua mdomo, wanaume ukumbini wangemkataa kwa lipi? Mtetezi wa Kaji hebu nijibu hilo.