Naomba ushauri: Agosti niipeleke wapi familia, Ulaya hii hii?

Digo wa Leeds
Wana jamvi, salaam.

Nipo Leeds, Uingereza, na mke na watoto watatu: wa kiume miaka 13, wa kike 8, kitinda mimba 4. Mke ni nesi, likizo yake imepitishwa wiki mbili za mwisho za Agosti na haisogezwi. Kuwatoa watoto shule kabla ya kufunga ndiyo usiniambie. Faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ukichelewa kulipa siku 21 inakuwa 160. Wazazi wawili, wanafunzi wawili (huyu mdogo hajafika umri wa lazima), ni pauni 320 kabla sijanunua hata kandambili.

Bajeti ni pauni 3,500, kila kitu humo humo. Mke anataka Santorini, kile kisiwa cha Ugiriki, kaona picha. Kijana anataka Barcelona kwa ajili ya mpira. Mimi nataka mahali ambapo nitakaa chini, nisiwe mwongoza msafara. Nimeangalia ndege za Agosti kutoka Manchester nikafunga simu. Nchi gani inafaa familia kipindi hiki ambacho kila mtu yuko njiani?

Naomba kuwasilisha.

Ngoja Kwanza
Nimekaa siti ya mbele, wajuzi waje. Kwa pauni 3,500 mimi ningekuwa nimeshapandisha ukuta Chanika.

Boksi Mstaafu
Mkuu, wewe ni mtu wa Tanga halafu unauliza uende wapi Agosti? Kusi linavuma, joto hakuna, samaki wapo, bibi yao yupo. Hela yako unataka kuwapelekea Wagiriki wakufanyie nini?

Digo wa Leeds
Boksi Mstaafu, shikamoo. Watu watano kwenda Dar mwezi wa nane, tiketi peke yake inameza bajeti yote. Na zawadi je? Nishuke kwenye basi pale stendi na mabegi matupu, nieleweke vipi? Nyumbani tunakwenda, ila kwa kujipanga. Mwaka huu nataka karibu.

Bi Mkubwa wa Reading
Mdogo wangu, mwambie wifi yangu Santorini aiweke kwanza. Si kwamba si pazuri. Ule mji wa kwenye picha, Oia, umejengwa ukingoni mwa mlima wa volkano, ni ngazi juu ya ngazi, na wa miaka 4 utambeba mgongoni. Fukwe zenyewe ni mchanga mweusi, saa saba mchana haukanyagiki. Halafu mameli makubwa ya watalii yakishusha watu kwa wakati mmoja, vichochoro vya Oia havipitiki. Pale ni pa maharusi wawili, tena Mei.

Na joto la kusini siku hizi si la mchezo. Athens wamefikia kuifunga Akropoli saa za mchana kwa sababu ya joto, watalii wakawa wanazimia. Kisiwa cha Rhodes, huko huko Ugiriki, Julai 2023 moto wa msituni uliwatoa maelfu ya wageni mahotelini, wengine wakalala kwenye viwanja vya michezo na mashuleni. Sicily ya Italia ndiyo ina rekodi ya Ulaya nzima, digrii 48.8, Agosti 2021. Mtu atasema sisi tumezaliwa kwenye joto. Sawa, lakini sisi tumezaliwa kwenye joto lenye upepo wa bahari na mwembe uani, siyo chumba cha ghorofa ya nne ambacho kiyoyozi kinalipiwa pembeni.

Kama lazima Ugiriki, basi Krete, pwani ya kaskazini. Pana fukwe za mchanga zenye maji mafupi, na kuna upepo wa kiangazi wanauita meltemi unaopoza, kama kusi letu. Ila upepo huo huo ukichachamaa feri za visiwani zinasitishwa, kwa hiyo usipange kuruka kisiwa hadi kisiwa na watoto.

Karani wa Zamani
Watu mmekimbilia fukwe. Mleta uzi, hujatuambia pasipoti. Nyumba yako ina pasipoti za wapi?

Digo wa Leeds
Mke na watoto wote Waingereza. Mimi nina ukaazi wa kudumu, pasipoti yangu ni ya Tanzania. Sikubadili kwa sababu uraia pacha kwetu hakuna na sitaki kuwa mgeni kwenye shamba la baba yangu.

Likoni Kaskazini
Poleni majirani. Sisi Wakenya katiba ya 2010 ilitutoa huko.

Karani wa Zamani
Msimcheke, wako wengi.

Basi Digo, safari yako inaanza na viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, bahari baadaye. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, juu yake gharama ya kituo kinachopokea maombi. Kuwa mume wa Mwingereza hakukusaidii kitu tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya. Unafuu huo ni kwa wanafamilia wa raia wa nchi za Umoja. Unaomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Usiende kuomba nchi nyingine kwa sababu tu miadi yao iko wazi, maana wakiona hoteli zako ziko kwingine wanakukatalia.

Dirisha linafunguka miezi sita kabla ya safari. Sasa hivi ni Februari, wewe unasafiri mwisho wa Agosti: huu ndio wakati. Ukingoja Juni utakuta miadi ya London na Manchester imekwisha. Andaa taarifa za benki, barua ya kazi, uthibitisho wa ukaazi wako wa kidijitali, na bima ya safari inayofika euro 30,000 kwa matibabu.

Hao Waingereza wako nao uwaangalie. Pasipoti ya mama isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 iliyopita siku ya kuingia, na za wote ziwe na miezi mitatu mbele baada ya siku ya kutoka. Za watoto zinaisha kila miaka mitano, ndizo zinazowakwamisha watu uwanjani. Mfumo mpya wa mipakani, EES, ulioanza Oktoba 2025, utawapiga picha wote, na alama za vidole kwa waliofikisha miaka 12. Foleni ya kwanza iwekee subira na biskuti.

Likoni Kaskazini
Mimi niko Hamburg. Nitaongeza jambo moja ambalo watu wa Uingereza hamlitazami: kalenda ya shule za wenzenu. Ulaya haifungi shule siku moja. Denmaki wanarudi darasani kabla ya katikati ya Agosti. Waswidi nao kabla mwezi haujaisha. Waholanzi wamegawa nchi kanda tatu, kila kanda inafunga na kufungua kwa tarehe yake. Ujerumani kila jimbo na lake, Bavaria ndio wa mwisho, wanafika karibu katikati ya Septemba. Ufaransa na Italia ndio wanakaa nje Agosti nzima, na Italia tarehe 15 ni sikukuu ya Ferragosto, nchi yote iko ufukweni.

Sasa wewe una wiki mbili za mwisho. Kwako wewe huo si msimu wa juu ukielekea kaskazini! Wenyewe wameshaondoka, nyumba za kupangisha zinashuka bei, bahari ndiyo kwanza imefikia joto lake la mwaka. Joto la huku lakini, usinishtaki.

Scotland vilevile shule zinafunguka katikati ya Agosti. Ukitaka kuruka, linganisha ndege za Edinburgh na za Manchester kwa wiki hiyo hiyo. Kutoka Leeds si mbali.

Tumbo Joto
Mimi sikubaliani na huu utamaduni wa kwenda likizo kwenye mvua. Mtu amekaa Leeds mwaka mzima, mnampeleka Denmaki akavae koti? Kaskazini mwa Hispania: Asturias, Cantabria. Nyuzi joto ishirini na kitu, milima ya Picos de Europa nyuma, bahari mbele, na Wahispania wenyewe ndiko wanakokimbilia joto la Madrid. Kuna meli ya magari kutoka Portsmouth na Plymouth hadi Santander.

Mwaka huu tu tahadhari: tarehe 12 Agosti 2026 jua linapatwa kabisa kuanzia Galicia, Oviedo, León, Burgos na kuendelea, jioni jua likikaribia kuzama. Hoteli za ukanda ule wiki hiyo usiziguse. Ila wewe unakwenda baadaye, watakuwa wametawanyika.

Bi Mkubwa wa Reading
Tumbo Joto, Leeds hadi Plymouth peke yake ni siku, halafu usiku kucha baharini na wa miaka 4. Wewe una watoto?

Tumbo Joto
Sina. Naendelea kusoma.

Digo wa Leeds
Ahsanteni sana, nimejifunza mengi. Barcelona nimeshamtoa kijana mawazo, nimemwambia Agosti wenyeji wake nao wamechoka na wageni, 2024 waliandamana na kuwarushia watalii maji kwa bastola za plastiki. Akasema ndiyo kwanza anataka kwenda.

Kitu kingine nilisahau. Mama mkwe anakuja kututembelea Julai hadi Septemba kutoka Tanga. Atakuwa nasi. Magoti yanamsumbua, na mlimani hapandi.

Ngoja Kwanza
Hapo ndipo uzi unapoanza sasa. Mama mkwe ni "kitu kingine"?

Karani wa Zamani
Hilo lilitakiwa liwe mstari wa kwanza!

Viza ya kutembelea Uingereza haimwingizi Schengen, wala Ireland. Na asingoje afike Leeds ndiyo aombe, maana maombi yanafanyika nchi mtu anayoishi. Akiwa mgeni Uingereza atatakiwa aeleze kwa nini hakuomba kwao, na ofisa anaweza asimwelewe. Mama aombe akiwa Dar, kwenye ubalozi wa nchi hiyo hiyo utakayoiomba wewe, akiambatanisha barua yako, nyumba mliyokodi, na uthibitisho kwamba ana shughuli, nyumba na watu wa kurudia Tanga. Viza ya Uingereza aipate kwanza, kisha hiyo. Na ile ya Uingereza aihakiki kama inamruhusu kuingia zaidi ya mara moja, maana atarudi Leeds kwanza kabla ya kwenda kwao.

Bi Mkubwa wa Reading
Nilitaka kukushauri Bosnia, Sarajevo, kwa sababu nyama halali ni kila kona na sauti ya adhana inasikika. Lakini kwa magoti ya mama, sehemu kubwa ya ule mji imelala mteremkoni. Achana nao.

Baharia wa Hull
Nimesoma kimya kimya tangu jana. Jibu la huyu ndugu liko saa moja na kidogo kutoka mlangoni kwake.

Hull kuna meli ya magari ya kampuni ya P&O kila usiku hadi Rotterdam. Unaingia na gari jioni, watu wote sita mnalala vyumbani, asubuhi mko Uholanzi. Hakuna kilo za mizigo, kiti cha mtoto ni cha gari lako, mama mkwe hatembei kilometa ndani ya uwanja wa ndege. Gari liwe la viti sita au saba, hilo kumbuka. Bandika herufi UK nyuma, ile GB ya zamani haikubaliki tena.

Ukitoka bandarini usiende Amsterdam. Teremka kusini, jimbo la Zeeland. Nchi ni tambarare kama meza, mama atatembea mpaka achoke mwenyewe. Fukwe ni ndefu na za mchanga, Domburg, Renesse, na njia za baiskeli zimetengwa na magari, kwa hiyo yule wa miaka 8 unamwachia. Wajerumani wanapapenda mno, lakini ni pana. Mwezi wa nane ni msimu wa kome, wanapikwa na vitunguu na seleri kwenye sufuria kubwa. Watu wa pwani mtaelewana nao.

Kijana wa miaka 13 mpeleke kwenye ukuta wa Oosterschelde. Mwaka 1953 bahari ilivunja kingo usiku na kuua watu 1,836 nchini Uholanzi. Ndipo wakajenga vizuizi hivyo, hiki kikubwa kikazinduliwa 1986, kama kilometa tisa, na kina milango ya chuma inayoshushwa dhoruba ikija. Unaendesha gari juu yake. Mimi nilidhani wanangu watachoka, wakauliza maswali mpaka usiku.

Wadogo wapeleke Efteling, kule Kaatsheuvel. Ni bustani ya michezo na hadithi tangu 1952, kila mtoto ana lake. Siku ya wiki, asubuhi mapema, tiketi umenunua mtandaoni.

Kuoga baharini, nisikudanganye: maji ni kama digrii 18 hivi. Watoto wataingia. Mama mkwe atakaa na khanga mbili na chai.

Likoni Kaskazini
Naunga mkono. Mvua ikija wiki nzima asinitafute mimi.

Bi Mkubwa wa Reading
Digo, nyumba ukikodi uliza ngazi. Nyumba za Kiholanzi za zamani zina ngazi zilizosimama wima, hata mimi nilishuka kwa makalio. Chukua ya chini moja kwa moja, kwenye kijiji cha likizo, chumba na bafu la mama viwe usawa mmoja. Kukodi mara nyingi ni kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi au Ijumaa hadi Ijumaa, uoanishe na meli kabla hujalipa. Nyama halali nunueni Rotterdam mkipita, Waturuki na Wamoroko wamejaa.

Digo wa Leeds
Mke amesoma uzi wote, mpaka sehemu ya maharusi. Amekubali Zeeland wiki ya mwisho ya Agosti, kwa sharti Krete iwe likizo fupi ya Mei mwakani, na sharti nimelitia saini. Wiki moja tu, bajeti ibaki na pumzi.

Nyumba tumeiona, haina ghorofa, inaruhusu kughairi bila kulipa mpaka viza zitoke. Mama mkwe nimempigia. Swali lake lilikuwa moja, huko Uholanzi kuna nazi?

Baharia wa Hull
Zipo. Rotterdam, duka lolote la Wasuriname.

Boksi Mstaafu
Na picha ulete.