Tupeane uzoefu: Ulijitoa kumtumikia Mungu mwanzoni mwa mwaka, ikawaje?

MamaDarasaLaPili
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Naanza na langu ili msinione mbea. Mkesha wa kuingia mwaka 2017, usharikani kwetu hapa Dar (KKKT, sisi Walutheri), tuligawiwa kadi za ahadi. Juu unaandika ahadi ya fedha, chini kuna mstari mmoja: "Nitamtumikia Mungu kwa..." Saa sita kasoro usiku, kwaya imepamba moto, watu wanalia, nami nikaandika "kwa chochote nitakachoitwa". Sikujua kwamba mwinjilisti huwa anazisoma zile kadi moja moja. Tarehe 3 Januari simu ikaita: mwalimu wa Shule ya Jumapili amehamia Dodoma, njoo.

Jumapili ya kwanza nikakuta watoto sitini na kitu chini ya mwembe, mabenchi manne, chaki nusu. Nilikuwa nimeandaa somo la uumbaji, kurasa tatu. Nimefika "Iwe nuru", katoto kamoja kakanyosha mkono: "Mwalimu, Yesu alikuwa anapiga mswaki?" Wenzake wakalidaka hilo hadi kengele ikagongwa. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na hakikuwa kilio cha kiroho. Kufika Machi nilikuwa natafuta pa kutorokea. Kilichonizuia ni daftari la mahudhurio tu. Hakukuwa na mtu wa kumkabidhi, ningeliacha wapi?

Nyie je? Msilete ushuhuda uliopigwa pasi tu, leteni na uliojikunja.

Muuza_Vipuri
Wangu umejikunja mpaka basi. Kadi za 2021, 2022 na 2023 zote zimo ndani ya Biblia yangu, na zote zimeandikwa "kwaya". Mazoezi ni Jumatano na Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mimi nafunga duka saa mbili usiku. Hesabu hiyo hata tukeshe vipi haibadiliki. Sare ninayo, nilishonesha kabisa. Haijawahi kukanyaga kanisani.

Mwana_wa_Meru
Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Kwetu Methodist, mwaka ukianza tunakuwa na Ibada ya Agano. Hakuna kadi. Tunasoma sala moja kwa pamoja, desturi iliyoanzia kwa John Wesley kule London, Agosti 1755. Kuna mahali unamwambia Mungu akutumie, ama akuweke kando, yote kwa ajili yake. Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa napita hapo mbio kama matatu kwa tuta.

Januari 2019 nilikuwa nimekubali kufundisha darasa la vijana. Wiki ya pili ya Februari nduthi niliyopanda ikateleza kwa matope, mguu ukavunjika sehemu mbili. Miezi sita nyumbani. Kilichoniuma zaidi si mguu, ni vile darasa liliendelea vizuri bila mimi. Kijana wa miaka 22 alishika nafasi yangu na watoto wakazidi kuja. Wakafika nyumbani kuniombea, wanaimba, nami nimelala pale na plasta, najibu "Amina" huku nikimwonea yule kijana wivu. Siku hizi nikifikia hapo kwa sala nasoma polepole.

NesiWaZamu
Mikesha saba katika kumi iliyopita nimekuwa kazini, wodi ya wazazi. Usiku wa 31 Desemba 2022 nje ni fataki na honi, ndani tuko wauguzi wawili na akina mama kumi na mmoja. Mmoja kila dakika ananiuliza saa, anataka wa kwake awe wa tarehe moja, kama vile mimi ndiye nimeshika mlango! Alimpata saa sita na dakika nne. Nikiwa nimekashika, hata sijakafuta, nikasema kimoyomoyo: Bwana, mwaka huu nisimfokee mzazi.

Basi, ndiyo wakfu wangu huo. Niliuvunja tarehe 9. Nikaanza upya tarehe 10.

Mke_wa_Fundi
Mimi niliumia. Kanisa silitaji. Januari ile ilihubiriwa malimbuko: mshahara wa kwanza wa mwaka, wote. Nikautia kwenye bahasha bila kumwambia mume wangu. Mtoto alikuwa anaanza kidato cha kwanza, bweni. Godoro, ndoo, sare, sanduku, vyote vikanikuta mikono mitupu. Tukakopa kwa riba. Mume hakunifokea, alinyamaza wiki nzima, na kufoka kungekuwa nafuu. Nilipokwenda kueleza kanisani nikaambiwa imani yangu ni haba.

Bado natumika, ila nilihama. Huku nafagia kanisa kila Jumamosi. Lakini nikisikia "jitoe" mwezi wa Januari, nashika mkoba kwanza.

Mzee_Mstaafu
Pole sana binti yangu. Mhubiri 5 inasema, "Ni afadhali usiweke nadhiri, kuliko kuiweka usiiondoe." Tena soma Hesabu 30, mume anaweza kuitangua nadhiri ya mkewe siku ile anapoisikia.

Mke_wa_Fundi
Shikamoo mzee. Yeye aliisikia siku tuliyokosa hela ya godoro, bahasha imeshafika madhabahuni. Halafu mume akiweka nadhiri ya mshahara wake, ya kwake anaitangua nani?

Mzee_Mstaafu
Marahaba. Hapo umenishika. Ningeanzia Marko 7, Yesu anapowakemea waliosema mali yao ni Korbani, imewekwa wakfu, huku baba na mama zao wanakosa. Nadhani na mtoto anayekwenda bweni yumo.

Katibu_Jumuiya
Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki tarehe moja tunasherehekea Maria Mama wa Mungu, na mimi siku hiyo sijawahi kuahidi kitu. Jumuiya yetu ilichagua viongozi mimi niko msibani Bukoba. Nimerudi, naambiwa wewe ndiye mtunza hazina. Kumbe asiyekuwepo ndiye anayepita bila kupingwa! Mwaka wa sita huu, kisanduku cha michango kiko chini ya kitanda changu. Ukatibu wameniongezea juzi, safari hii nikiwepo.

MamaDarasaLaPili
Nimecheka, na kwa mama wa bahasha nimenyamaza kidogo. Nesi, ya kwako nimeipenda kuliko zote. Unajua siku uliyoivunja. Mimi wa "chochote" ningejuaje?

Yule wa mswaki sasa yuko kipaimara, mwaka wa pili, sauti imeshakuwa nzito, na ndiye ananisaidia na wadogo. Jumapili iliyopita binti mmoja akamuuliza kama kwenye safina ya Nuhu kulikuwa na mbu. Akanigeukia. Nikajifanya naita mahudhurio.

Muuza Vipuri, Jumapili unafungua duka?

Muuza_Vipuri
Sifungui.

MamaDarasaLaPili
Darasa letu ni saa tatu asubuhi. Mabenchi yanalala stoo, na wa kuyabeba hadi mwembeni hatuna.

Muuza_Vipuri
Mangapi?

MamaDarasaLaPili
Yale yale manne. Pitia dukani uje na chaki.