Tanuri dogo jipya la kioo au kubwa la ufinyanzi lililotumika? Mwenye nalo kanipa hadi Ijumaa

KiooChangu
Wakuu habari zenu. Nina hela ya tanuri moja tu la kuyeyushia na kuunganisha vioo na nimebaki na machaguo mawili. La kwanza jipya, dogo, la faiba (nyuzi nyepesi za kuzuia joto), koili (waya zinazotoa moto) ziko kwenye mfuniko. La pili limetumika, lilikuwa la kuchomea vyungu, la matofali, kubwa kama pipa, koili zimezunguka ukutani. Bei zinakaribiana. Kwa macho tu hilo kubwa linabeba mara nne ya dogo na mi nataka kuuza, sio kuchezea. Alafu nianze na kioo kipi, cha namba 90, cha 96 (namba ya kioo kinavyotanuka kikipata moto) au cha dirisha, maana vipande vya dirisha napewa bure na mafundi. Mwenye tanuri anataka jibu Ijumaa.

FundiJioni
Unauza nini? Hujasema. Hereni na sahani sio biashara moja. Umeme wako je, volti ngapi, breka ampea ngapi? Na hilo pipa lina kontrola ya kupanga hatua kwa hatua, au ni lile la zamani linalojizima koni (kipande cha udongo kinacholegea joto likifika) ikiinama? Bila hayo tutakuwa tunabashiri tu hapa.

Mama_Vipande
Chukua dogo. Kwisha habari.

TofaliMoto
Mama_Vipande we kila mtu unamwambia dogo 😂 Matofali yana faida yake jamani. Faiba ukizima linapoa kama sufuria iliyoepuliwa, inabidi kontrola ihangaike kuwasha na kuzima ili joto lishuke taratibu, umeme ukikatika katikati ya kupoza umekwisha. Tofali lenyewe limeshika joto, hata umeme ukienda bado linashuka pole pole. Mi langu la matofali ni mwaka wa tisa huu na sijabadilisha koili.

Polepole
TofaliMoto hapo umesema kweli ila tatizo la hilo pipa sio matofali, ni koili za ukutani. Chungu kimesimama, joto la pembeni linakizunguka kote. Kioo kimelala, ni kipana na chembamba. Ukiweka sahani ya sentimita 40, ukingo unapata moto kwanza na katikati bado baridi, hapo kinapasuka kabla hata hakijafika nyuzi 500 za Selsiasi. Pia ukingo ukiyeyuka kwanza unaziba na hewa ya katikati inakosa njia, unapata povu kubwa kama kipara. Koili zikiwa juu sahani nzima inaona moto sawa. Sio kwamba pipa haliwezekani, watu wanalitumia, lakini unapanda taratibu sana, nyuzi 80 mpaka 100 kwa saa, na unaweka kazi mbali na ukuta. Kwahiyo ule ukubwa unaoupigia hesabu nusu yake huutumii.

KiooChangu
Asanteni. Nataka sahani na mabakuli, na hereni kidogo kidogo. Umeme ni wa kawaida tu. Kontrola ya kubwa sijaiangalia, kuna kitufe na kidude fulani cha chuma kimetokeza pembeni.

FundiJioni
"Umeme wa kawaida" ndo upi ndugu yangu 😩 Soma kibandiko cha tanuri pembeni, kitakwambia kilowati. Tanuri la vyungu la saizi hiyo likiwa na kilowati 7 kwenye volti 240 linakula karibu ampea 30 peke yake, hapo hujawasha hata taa. Na hicho kidude cha chuma ndo chenyewe nilichosema, koni inainama na linajizima. Kwa vyungu sawa. Kwa kioo haifai kabisa maana kazi yetu kubwa iko wakati wa KUSHUKA na hicho kidude kikizima kimezima. Ukilichukua jumlisha bei ya kontrola na themokapo (kipima joto cha ndani).

MchangaMweupe
Nimekuwa nasoma kimya ila hili la vipande vya bure vya dirisha limenitoa. Ngoja nikusimulie yangu.

Nilianza hivo hivo, pipa lililotumika na kioo cha dirisha. Nikawa napata vitu vizuri tu vya rangi moja, ile kijani hafifu ya ukingoni, watu wanasifia. Nikaona hainogi bila rangi. Nikanunua punje za kioo cha rangi za 90 nikanyunyizia juu ya kioo cha dirisha, nikachoma, zikashika safi, yaani ukipiga kwa kucha inalia kama kengele. Nikapata oda ya sahani 30 za mtu aliyekuwa anafungua sehemu ya kulia chakula. Nikachoma wiki tatu usiku na mchana, kila sahani mara mbili, mara ya kwanza kuunganisha kwenye 800 na kitu, mara ya pili kuilaza kwenye kalibu karibu 680. Nikapeleka, nikalipwa, nikafurahi.

Siku ya kumi na moja napigiwa simu. Sahani moja imepasuka kabatini, usiku, hakuna aliyeigusa. Nikajua ni uongo, mtu kaivunja anaogopa kusema. Nikapeleka nyingine. Baada ya siku nne zimepasuka mbili, moja ikiwa mezani mbele ya mteja wake. Nikaenda mwenyewe kuziangalia. Ufa ulikuwa umefuata mpaka wa rangi, umepinda pale pale rangi inapopinda kama mtu kaichora. Hapo ndo nikaelewa kioo cha dirisha na zile punje havijanywea sawa wakati wa kupoa, vimekuwa vinavutana toka siku vilipotoka tanurini. Zilipofika tisa nilizirudisha zote mwenyewe nikarudisha na hela, na zile ishirini na moja zilizobaki nzima nikazivunja kwa nyundo maana sikuweza kulala nikijua ziko kwa watu.

Mama_Vipande
Duh pole sana.

Salma_wa_Shanga
Pole mwaya. Ila kwa anayesoma, ufa unasema mengi ukiutazama. Kingo za ufa zikiwa za mviringo laini, kilipasuka wakati wa kupanda, kisha moto ukazilainisha. Zikiwa kali kama wembe kimepasuka wakati wa kushuka au baada ya hapo. Usilaumu kupoza kabla hujapapasa ufa (kwa uangalifu!).

Ramani
Ndo maana tunasema angalieni namba. 90 na 90, 96 na 96, hutopata shida maisha yako yote.

Polepole
Ramani hapana. Hiyo namba ni kiasi kioo kinavyotanuka kwa kila nyuzi moja, kipimo kimechukuliwa kwenye joto la chini, kati ya 20 na 300 hivi. Haikwambii mnato wa kioo kikiwa kinaganda kule juu kwenye mia tano. Vioo viwili vyenye namba moja vinaweza kugombana na vyenye namba tofauti kidogo vikaelewana. Unachotaka ni kioo ambacho mtengenezaji amekipima na vyenzake, Bullseye kwa mfano, watengenezaji wa kioo cha 90, wanasema wazi namba peke yake haitoshi.

Ramani
Mi miaka sita nafuata namba na sijapasukiwa. Nadharia zenu zinatisha wageni bure.

Polepole
Umekuwa unanunua kwa mtengenezaji mmoja ndo maana. Pima mwenyewe, ni rahisi. Tafuta lenzi mbili za miwani ya jua ile ya polaroidi, zizungushe mpaka zizibe mwanga, weka kipande katikati na taa nyuma. Ukiona mwanga unang'aa pembeni ya rangi, vinavutana. MchangaMweupe angekuwa nazo angeokoa sahani 30.

MchangaMweupe
Usinikumbushe.

TofaliMoto
Hata hizo za 96 msizitukuze. Spectrum, kiwanda cha kioo cha 96, walipofunga 2016 watu walichanganyikiwa hapa, kioo kikahamia kwa kampuni nyingine, Oceanside, miezi rafu zikawa tupu. Mi ndo nilihamia 90 na sijarudi.

Salma_wa_Shanga
96 ni laini, inayeyuka mapema kidogo na kukata kwake ni raha, mi kwa shanga na hereni siiachi. Kumbukeni tu joto la kutuliza (unalokishikilia kioo wakati wa kupoa kisije kikapasuka) sio moja, 90 ni 482, 96 ni 510, dirisha linakaribia 550. Mtu anakopi ratiba ya mwenzake bila kuuliza ni ya kioo gani alafu analia.

KiooChangu
Sasa cha dirisha nikiache kabisa?

MchangaMweupe
Sijasema ukiache. Tumia peke yake, karatasi moja ya kioo uikate vipande vyote kutoka hapo hapo, usichanganye dirisha la huku na la kule. Rangi tafuta za enameli zilizotengenezwa kwa ajili yake. Na kina upande wa bati, maana kinatengenezwa kwa kuelea juu ya bati lililoyeyuka, ukikosea upande unapata utando wa maziwa ukikilaza. Taa ya UV ya mawimbi mafupi inakuonyesha, upande wa bati unang'aa weupe, ila usiitazame kwa macho. Na kama kimechomwa kuwa kigumu kama vya mlango wa gari hakikatiki, kinamwagika chenga.

Mama_Vipande
Mnazungumza sahani sahani. Mdada/mkaka anataka KUUZA. Shelfu ya sentimita 20 inabeba vipande 25 vya hereni kwa moto mmoja, na vinaiva usiku umelala. Sahani moja ya kipimo cha maana ni mioto miwili, siku mbili. Piga hesabu mwenyewe. Ndo maana nasema dogo, sio ubishi.

FundiJioni
Na hapo ndo soko la hereni limejaa watu kama nini. Sahani ni polepole ila kila moja ina hadhi yake. Kupeleka galeri nako, wengi wanakata asilimia 40 mpaka nusu, kwahiyo bei yako ya nyumbani na ya kule ziwe moja, usije ukamuuzia mtu mlangoni kwa nusu, galeri wakijua wanakurudishia mzigo.

Ramani
Nusu ni wizi.

FundiJioni
Sio wizi, wanalipa kodi ya nyumba na wanasimama siku nzima kumwelezea mteja kwanini sio plastiki.

Ramani
Mi wateja nawaelezea mwenyewe kwa picha mtandaoni, mwanga wa dirishani, karatasi nyeupe, basi.

Salma_wa_Shanga
Na kufunga? Mi box ndani ya box na bado mmoja kati ya wengi unafika chenga.

KiooChangu
Wakuu leo Alhamisi. Nimeenda na futi. Pipa lina upana wa sentimita 81 na mlango wa chumba changu ni 72. Mwenyewe anasema sio shida yake. Kibandiko cha kilowati kimefutika.

TofaliMoto
Angalia kama linafunguka pete pete, mengi ya vyungu yanafunguka, unapitisha moja moja.

Mama_Vipande
😂😂😂 Chukua dogo.

KiooChangu
Sijaangalia, ntampigia kesho asubuhi. Swali lingine nje ya mada, tundu la kuning'iniza hereni mnatoboa baada ya kuchoma au mnaacha waya wakati wa kuchoma?

Salma_wa_Shanga
Mi naweka kipande chembamba cha karatasi ya faiba (isiyoungua tanurini) katikati ya tabaka mbili, baada ya moto nakitoa chini ya maji, tundu linabaki. Usikitoe kikavu, vumbi lake sio zuri kifuani.

Ramani
Toboa tu na biti ya almasi ndani ya maji, mambo ya karatasi yanachelewesha.